Kila Ngoma Ina Kitovu Chake

Mada iliyotolewa na walimu wa shule ya msingi ya kambi mbele ya Kamati ya Jamii, wakati wa maandalizi ya Siku ya Wakimbizi Duniani

Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa sisi walimu nafasi ya kusema machache juu ya uzuri wa ngoma na mambo ambayo watu huyathamini. Tunajua wapo watakaojiuliza kwa nini tukae kuzungumza habari za ngoma wakati mgao wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja, kuni ziko mbali, na hakuna anayejua kwa hakika atalala wapi mwaka ujao. Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba jambo lenyewe limekwisha kufika shuleni, na limeanza kuwagawa watoto.

Kama mnavyofahamu, tarehe 20 Juni ilikuwa inajulikana zamani kama siku ya wakimbizi wa Afrika. Mnamo Desemba 2000 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua iwe siku ya wakimbizi wa dunia nzima, na ikaadhimishwa hivyo kuanzia mwaka 2001. Kila mwaka siku hiyo ikikaribia, shule hutakiwa kuandaa ngoma. Mwaka huu mazoezi yalipoanza tulipokea malalamiko matatu.

La kwanza lilitoka kwa baadhi ya wazazi wa Kirundi. Walisema ngoma ya watoto wa Kikongo inazungusha kiuno mno, ni aibu mbele ya wageni, na binti zao wasisimame kwenye mstari mmoja na hao. La pili lilitoka kwa vijana wa Kikongo, waliocheka ngoma ya kina dada wa Kirundi wakisema hawachezi bali wanahesabu hatua, na kwamba nyuso zao ni za msibani. La tatu lilitoka kwa wasichana wa darasa la sita. Wameomba kupiga ngoma kubwa pamoja na wavulana, na baadhi ya wazee wakakataa kabisa. Matokeo yake ni kwamba leo hii makundi yanafanya mazoezi mbalimbali, hili nyuma ya madarasa, lile kule karibu na kisima, na wapo wazazi waliowaondoa watoto wao. Vijana wengine wameshauri tufute ngoma zote na tuweke muziki wa simu, kila mtu acheze atakavyo.

Hatukuja hapa kumtafuta mkosaji. Tumekuja kueleza jambo moja tu: kila watu wanaposema "ngoma hii ni nzuri" wanasema pia "hivi ndivyo mtu anavyopaswa kuwa." Anayecheka uchezaji wa jirani yake hujiona anacheka miguu, kumbe anayacheka yale ambayo jirani huyo alifundishwa kuyaheshimu.

NENO "UZURI" LENYEWE

Tuanze na lugha. Kwa Kiswahili ukisema "yule ni mtu mzuri," msikilizaji anaweza kukuuliza: mzuri wa sura au mzuri wa tabia? Neno ni hilo hilo moja. Kwa Kirundi na Kinyarwanda mambo ni vivyo hivyo, neno "mwiza" hubeba sura na tabia. Walega wa Kivu ya Kusini na Maniema wana neno "busoga," nalo maana yake ni uzuri na wema kwa pamoja. Si kwamba wazee wetu walipungukiwa na maneno. Waliona kwamba kitu kizuri kisichomfundisha mtu wema bado hakijakamilika.

Walega hao, na majirani zao Wabembe, walikuwa na chama kinachoitwa Bwami. Mtu alipanda ngazi zake kwa miaka mingi, na mafunzo ya kila ngazi yalitolewa kwa ngoma. Mfundishaji alicheza huku ameshika kitu kidogo mkononi, labda sanamu ya pembe ya ndovu au ya mti, na methali ikiimbwa papo hapo. Kile kitu, ile methali na zile hatua vilikuwa somo moja: juu ya kiburi, juu ya ulafi, juu ya namna ya kukaa na mke na majirani. Mtaalamu wa Kibelgiji aitwaye Daniel Biebuyck alikaa kwao katika miaka ya 1950 na akayaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Tena mwanamume hakuweza kufika ngazi ya juu kabisa, inayoitwa kindi, pasipo mke aliyeingizwa naye katika Bwami. Tunaomba jambo hilo mlishike, tutalirudia.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliipiga marufuku Bwami. Sisi tuliosomea ualimu hatuoni kwamba ulikatazwa mchezo tu. Tunaona chuo kilichofungwa, na walimu wake wakaambiwa hawajui kitu.

WENGINE WANAVYOCHEZA NA SABABU ZAO

Kabla ya kuzitazama ngoma zetu, ambazo tayari zimetutia hasira, natuangalie kwanza watu wa mbali ambao hatuna ugomvi nao. Huko ni rahisi kuona jinsi uchezaji unavyofuata maisha.

Ulaya wana dansi inayoitwa baleti. Ilikua katika majumba ya wafalme. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alicheza mwenyewe mbele ya watu wake. Mwaka 1653, akiwa kijana wa miaka 14, alicheza akiwa amevikwa kama Jua, na mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi. Mgongo uliwekwa wima, miguu ikageuzwa nje, mikono ikapewa adabu ya mtu wa daraja la juu. Baadaye, mwaka 1832, binti aitwaye Marie Taglioni alicheza jijini Paris juu ya ncha za vidole vya miguu, akiigiza roho isiyo na uzito. Tangu hapo uzuri wa baleti ni kuonekana kama hugusi ardhi, na kuficha jasho na taabu yote. Hiyo ni ngoma ya watu waliothamini daraja na kujitenga na uzito wa dunia.

Sehemu nyingi za Afrika mambo ni kinyume. Magoti hukunjwa, mgongo huinama kidogo, mguu hukanyaga chini kwa nguvu. Robert Farris Thompson, mtaalamu wa Kimarekani, alifanya jambo ambalo wengi kabla yake hawakulifanya: aliwauliza Waafrika wenyewe, wazee kwa vijana, ni mchezaji yupi anacheza vizuri na kwa nini. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 alionyesha kwamba kwao kiungo kinachokunjika ni dalili ya uhai, na ukakamavu hukumbusha ugonjwa na kifo. Alionyesha pia kwamba walimheshimu mchezaji ambaye mwili wake unafanya kazi kubwa huku uso wake umetulia. Wale vijana wetu wanaosema nyuso za kina dada wa Kirundi ni za msibani walitafakari hilo. Mwili kuchemka na uso kutulia ni heshima kubwa katika nchi nyingi za bara letu, na humwonyesha mtu anayeweza kujitawala.

Hapa hapa Tanzania, kwa Wasukuma, kuna ngoma ya bugobogobo inayochezwa na majembe mikononi. Hurushwa juu na kudakwa, na kazi ya shamba hugeuzwa kuwa sifa. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu zamani, Bagika na Bagalu. Vikishindana, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Watu wanaothamini jembe hucheza na jembe, na wanaothamini kauli ya watu huwaachia watu waamue kwa miguu yao.

Mfano wa mwisho wa mbali ni wa India ya Kusini. Katika nchi ya Watamil kuna ngoma iitwayo Bharatanatyam. Magoti hukunjwa kama kwetu, lakini mgongo hubaki wima, na hadithi yote husimuliwa kwa macho na vidole. Zamani ilichezwa na wanawake waliotolewa kuhudumu mahekaluni. Wakati wa utawala wa Waingereza watu wengi wenye elimu waliiona kuwa ni aibu, na mwaka 1947 sheria ya Madras ilikataza wasichana kutolewa kwa mahekalu. Lakini mama mmoja wa tabaka la juu, Rukmini Devi Arundale, alikuwa amejifunza ngoma hiyo, na mwaka 1936 alianzisha shule yake, Kalakshetra. Leo wazazi wa Kihindi hulipa ada ili binti zao waijue. Kizazi kimoja kiliiita aibu, kilichofuata kikaiita heshima.

Hata hivyo habari hiyo ina upande wa pili. Rukmini Devi alipunguza sehemu za mapenzi ili ngoma ionekane safi. Balasaraswati, mchezaji mashuhuri aliyetoka katika ukoo wa wale wanawake wa zamani, alimpinga. Kwake yeye sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa moyo wa ngoma yenyewe. Tunalitaja hilo kwa sababu katika kambi yetu wamo wanaosema, kwa nia njema, "basi tuisafishe ngoma ya Wakongo kidogo." Anayesafisha ngoma ya mwenzake awe mwangalifu, asije akafagia moyo wake pamoja na vumbi.

HABARI YA KIUNO NA YA KITOVU

Sasa tuje kwetu, kwenye lalamiko la kwanza.

Mnamo Desemba 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiingiza rumba ya Kikongo katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili, ya Kinshasa na ya Brazzaville. Wengi hueleza kwamba jina rumba linatokana na neno la Kikongo "nkumba," maana yake kitovu. Ilikuwa ngoma ya watu wawili wanaokaribiana kitovu kwa kitovu. Watu wa pwani ya Kongo walichukuliwa utumwani hadi Kuba bila kuruhusiwa kubeba kitu, na walichobaki nacho kilikuwa mwili na kumbukumbu ya mdundo. Muziki waliouzaa huko ulirudi Kongo kwa sahani za santuri katika miaka ya 1930 na 1940, na watu wa Léopoldville wakautambua kama mtoto aliyerudi nyumbani. Kwa hiyo anayesema kiuno ni uhuni tu ajue kwamba anakitaja kitu kilichovuka bahari mara mbili.

Kwa nini kitovu? Kwa sababu hapo ndipo mtu alipofungwa na mama yake. Kiuno ndipo uhai unapotoka, na jamii nyingi za Kongo hukiheshimu kwa kukichezesha. Hii haina maana kwamba jamii hizo hazina haya. Wandembu wa kaskazini-magharibi ya Zambia, ambao ni ndugu wa Walunda wa Kongo, wanapofanya ibada ya mapacha, wanaume na wanawake huimbiana maneno ya mwilini ambayo siku nyingine yangekuwa matusi makubwa. Siku hiyo ni ruhusa, kwa kuwa uzazi umezidi kipimo. Ibada ikiisha, haya inarudi mahali pake. Wao wanayo haya, ila wameipangia wakati na kiwanja.

Sasa tuwaombe wazee wetu wa Burundi watusaidie katika jambo hili. Ngoma kubwa ya Burundi, ile inayobebwa kichwani na kupigwa kwa miti miwili, ina majina kwa kila sehemu yake. Vile vigingi vinavyobana ngozi huitwa "amabere," yaani maziwa ya mama. Kiwiliwili chake huitwa "inda," yaani tumbo. Na ile sehemu ya chini inayogusa ardhi huitwa "umukondo," yaani kitovu.

Ndugu zetu, mmesikia. Wakongo wana ngoma iliyopewa jina la kitovu, na Warundi wana ngoma iliyosimama juu ya kitovu. Wote wawili wanaheshimu jambo moja, uhai unaotoka kwa mama. Huyu analionyesha kwa mwili wake, yule amelificha ndani ya mti na ngozi kisha akatuliza uso. Tofauti hiyo ni kubwa na ni ya kweli, wala hatusemi ifutwe. Tunasema haiwezi kuwa sababu ya mtoto kumwita mwenzake mhuni au maiti.

Kwa upande mwingine tusifichane. Yapo mambo yanayochezwa na watoto wadogo kutoka kwenye video za simu ambayo hata wazee wa Kikongo wameyakataa, nasi tunakubaliana nao. Kiuno cha sherehe ya harusi si kiuno cha mtoto wa darasa la pili mbele ya wageni. Lakini uamuzi huo wautoe wazee wa ngoma hiyo wenyewe, kwa kipimo chao. Jirani asiutoe kwa kipimo cha ngoma yake.

NGOMA NA MAMLAKA

Lalamiko la tatu, la wasichana na ngoma kubwa, linagusa jambo jingine: nani anaruhusiwa kucheza nini.

Kwa Kirundi neno "ingoma" lina maana ya ngoma na lina maana ya ufalme. Karyenda ilikuwa ngoma kuu ya ufalme wa Burundi, na ngoma za kifalme zilitunzwa na koo maalumu, kama pale Gishora karibu na Gitega. Zililia katika mambo ya mfalme na katika sikukuu ya kupanda mtama, umuganuro. Mwaka 1966 ufalme ulikomeshwa, lakini ngoma hazikunyamaza. Wapigaji walizunguka dunia, na mwaka 2014 UNESCO ikaiandika ngoma hiyo katika orodha yake. Mnamo Oktoba 2017 amri ya rais nchini Burundi iliwakataza wanawake kuzipiga, wao wakabakiziwa ngoma nyingine. Wazee waliowakatalia wasichana wetu wanazo sababu zao. Wanasema ngoma yenyewe ni mama, ina maziwa na ina tumbo, na kwa desturi mwanamke hampigi mama. Hiyo ni hoja, si ukaidi, nasi tunaisikiliza kwa heshima.

Lakini jirani ya Burundi, nchini Rwanda, ambako ngoma zilikuwa za mfalme vilevile na wanawake hawakuzigusa, mwaka 2004 Odile Gakire Katese alianzisha kundi la wanawake wapiga ngoma mjini Butare. Jina lake ni Ingoma Nshya, ngoma mpya, na kwa lugha yao ni kama kusema pia ufalme mpya. Lilikusanya wanawake baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wakiwemo wajane na yatima, wa pande zote mbili. Waliona kwamba nchi iliyovunjika inahitaji mikono yote. Nao pia walikuwa na sababu. Na kama tulivyotangulia kusema, katika Bwami mwanamume hakufika juu peke yake.

Tunachotaka kuonyesha ni kwamba desturi ya ngoma haikushuka kutoka mbinguni ikiwa imekamilika. Watu waliiweka kwa sababu fulani, na watu wameigeuza kwa sababu nyingine. Hivyo anayetaka kuilinda aeleze sababu, na anayetaka kuigeuza aeleze sababu. Kukataa bila neno, au kudai bila neno, hakumfundishi mtoto kitu.

Tuwe waangalifu pia na nguvu. Wazee wetu wa Kongo wanaikumbuka ile "animation" ya miaka ya 1970 na 1980 chini ya Mobutu, wakati wafanyakazi na wanafunzi walipangwa mistari kucheza na kumsifu kiongozi na chama. Mavazi yalikuwa mazuri na hatua zilipangika, lakini aliyekosa aliulizwa. Ngoma ya kulazimishwa huonyesha jambo moja tu, nalo ni woga. Kwa hiyo tunaiomba Kamati isitoe amri kwamba kila mtoto acheze hivi au vile kwa ajili ya wageni.

WATOTO WALIOZALIWA HAPA

Ndugu Mwenyekiti, sasa tunafika kwenye jambo linalotusumbua kuliko hayo malalamiko matatu.

Katika ngoma za Burundi na Rwanda kina dada huinua mikono juu, ikapinda taratibu, viganja vikaelekea nje. Kila mzee hapa anajua maana yake: ni pembe za ng'ombe, wale wa pembe ndefu. Katika nchi hizo ng'ombe ni mahari, ni urafiki, ni shukrani, na mwendo wa ng'ombe mzuri ni kipimo cha mwendo wa binti mwenye adabu. Tuliwauliza wanafunzi wa darasa la nne, wengi wao wakiwa wanaoicheza ngoma hiyo kila mwaka, mikono ile inaonyesha nini. Walio wengi walijibu: ndege.

Hatukuwacheka. Watoto hao wamezaliwa kambini. Ndege wanaiona ikipita juu kila mara, lakini kundi la ng'ombe wa pembe ndefu likirudi jioni hawajaliona hata siku moja. Hali kadhalika tuliwauliza watoto wa Kibembe kwa nini katika ngoma yao huinama na kukanyaga mara mbili. Walisema, "Ndivyo tulivyoonyeshwa." Hatua wanazijua, ila sababu yake haipo tena.

Hapo ndipo penye hatari kuliko kiuno na kuliko uso uliotulia. Tunagombania ngoma ya nani ni nzuri, wakati watoto wanaozicheza hawajui tena zinasema nini. Baada ya miaka kumi kutabaki kugombania ganda. Wazee wanaojua majina ya sehemu za ngoma wanapungua. Katika miaka hii baadhi yao wamerudi Burundi, wengine wamepelekwa Marekani na nchi nyingine za mbali, na wengine tumewazika kule nyuma ya zoni ya mwisho. Kila mmoja aliondoka na sababu zake, na hatukuziandika.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge mnamo Desemba 1962 Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza dansi za kigeni, rumba ikiwemo, huku wachache tu wakizijua ngoma za makabila yao. Akaanzisha wizara ya utamaduni. Aliyoyasema yanatuhusu hata sisi wageni wa nchi yake, ijapokuwa kuna jambo la kututabasamisha: ile rumba aliyoihesabu kuwa ngeni, kwa wengine wetu ndiyo kitovu. Ugeni na uenyeji wa ngoma hutegemea umesimama wapi.

MAPENDEKEZO

Kwa hayo yote tunaleta mapendekezo manne mbele ya Kamati.

Kwanza, mwaka huu kila ngoma itakayochezwa itanguliwe na mzee wake, mwanamume au mwanamke, atakayesema kwa dakika tatu: ngoma hii ilichezwa lini, na nani, na mikono au miguu ile inasema nini. Aseme kwa Kiswahili ili wote tusikie. Baada ya hapo atakayetaka kucheka atakuwa anacheka akijua anachocheka.

Pili, mavazi na mipaka ya kila ngoma ya watoto viamuliwe na wazee watatu wa jamii inayoimiliki, na mmoja kati yao awe mama. Jamii nyingine isiwe na kura juu ya jambo hilo, iwe na haki ya kuuliza tu.

Tatu, kuhusu wasichana. Tunapendekeza ngoma zile ambazo wazee wa Kirundi wanazitunza kwa desturi ziachwe kwao kama wanavyotaka. Shule itengeneze ngoma zake nyingine kwa madumu na ngozi za mbuzi, zisizo na daraja wala ibada, na hizo wajifunze wavulana na wasichana. Wazee watakaokubali kuja kuwafundisha mdundo tutawapokea kwa mikono miwili. Wasiokubali hatutawasema vibaya.

Nne, shule itenge daftari moja kubwa. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba wapewe kazi ya kwenda kwa wazee wa zoni zote kuuliza na kuandika majina ya ngoma, majira yake, majina ya sehemu za vyombo, na sababu za kila hatua. Mtoto wa Kirundi aende kwa mzee wa Kibembe, na wa Kibembe aende kwa mzee wa Kirundi. Nyimbo zenyewe ziandikwe kwa ruhusa ya mwenyewe tu. Daftari hilo halihitaji msaada wa shirika lolote, linahitaji kalamu na uvumilivu.

Ndugu Mwenyekiti, Waswahili husema "Mcheza kwao hutunzwa." Methali hiyo hutuuma kidogo sisi wakimbizi, kwa sababu tunacheza tukiwa si kwetu, na hatujui ni nani atakayetutunza. Lakini Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akaimba kwa Kiswahili habari za maskini, na alipofariki mwaka 2010 Watanzania walimlilia kama mtu wao. Alitunzwa kwa sababu alijua alichokuwa anakisema na aliwaambia watu wakaelewa.

Watoto wetu wengi kitovu chao kimezikwa katika ardhi hii ya kambi. Hatujui watacheza wapi wakiwa wakubwa: huko walikotoka wazazi wao, hapa Tanzania, au katika nchi yenye baridi ambayo hatujaiona. Popote watakapokuwa wataulizwa ngoma yao ina maana gani. Tunaiomba Kamati itusaidie ili wawe na jibu. Mazoezi ya pamoja yataanza tena Jumatatu saa tisa alasiri katika uwanja wa shule, na tunawakaribisha wazazi wote, hata wale waliowaondoa watoto wao. Wazee watakaokuja kutoa maelezo wajiandikishe kwa mwalimu wa zamu.